Nyota ya Kumi na Tatu: Fani, Maudhui na Jina la Msanii katika Sarafu za Kwanza za Dhahabu za Marekani

Utangulizi

Wengi wetu tunapotajiwa neno "matini", mawazo hukimbilia riwaya, tamthilia au diwani. Tukijitahidi kupanua wigo, tutaingiza ngano, methali, na pengine kanga na misemo yake. Sarafu haimo kabisa. Sarafu ni ya kununulia chai. Lakini hebu itazame vizuri. Ina picha, ina maandishi, ina mwaka wa kutolewa, ina nakala maelfu kwa maelfu, na hupita katika mikono ya watu wengi kuliko riwaya yoyote tunayoihakiki darasani. Karibu kila kilichomo kwenye kitabu kimo, isipokuwa kimoja: jina la mtunzi juu ya jalada.

Makala haya yanakusudia kuzieleza sarafu za kwanza za dhahabu za Marekani, zilizopigwa chapa mjini Philadelphia kuanzia 1795 hadi 1834, pamoja na wachongaji wake wawili wakuu, Robert Scot na John Reich. Sababu ya kuzichagua ni hii. Darasani tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha tunayakimbilia maudhui na kuiacha fani mwishoni kama pambo. Sasa, katika sarafu hizi maudhui yaliandikwa na sheria, neno kwa neno. Mchongaji hakuachiwa dhamira ya kuchagua. Je, huyo tumwite msanii, au fundi tu wa serikali? Jibu la makala haya ni kwamba alikuwa msanii, na kwamba ushahidi wa usanii wake umo ndani ya hiyo fani tunayoipita haraka.

Dola ndiyo mtunzi wa kwanza

Kiswahili kina bahati ya neno "dola". Kuna dola ya utawala, iliyotoka Kiarabu, na kuna dola ya fedha, iliyotufikia kwa Kiingereza ikitokea kwenye thaler ya Kijerumani. Kiasili hayana undugu wowote, lakini katika jambo tunalolizungumzia yamekutana: dola ilitunga dola.

Sheria ya sarafu ya tarehe 2 Aprili 1792 ilianzisha kiwanda cha sarafu cha taifa na kutaja sarafu tatu za dhahabu: tai ya dola 10, nusu tai ya dola 5, na robo tai ya dola 2.50. Dhahabu safi iwe sehemu 11 katika 12, na tai nzima iwe na uzito wa takriban gramu 17.5. Haikuishia kwenye uzito. Iliagiza pia kwamba upande mmoja uwe na alama ya Uhuru, neno LIBERTY na mwaka, na upande wa pili uwe na tai na jina la nchi. Kwa lugha yetu, mhusika mkuu, mandhari na kichwa cha kazi vyote vilikwisha kupitishwa na Bunge kabla ya mchongaji hajashika patasi.

Palikuwa na ubishi kabla ya kufikia hapo. Baraza la Seneti lilitaka sarafu zibebe sura ya rais aliye madarakani, yaani George Washington. Baraza la Wawakilishi likakataa: hayo ni mambo ya wafalme, na nchi ilikuwa imetoka kupigana vita ya kumwondoa mfalme. Hivyo mtu halisi akaondolewa, ikawekwa dhana yenye sura ya mwanamke. Uamuzi huo ni wa kisanaa na wa kiitikadi kwa wakati mmoja. Tutaurudia.

Hata baada ya sheria, dhahabu ilichelewa. Mpigaji mkuu wa sarafu na mpimaji wa madini walitakiwa kila mmoja kuweka dhamana ya dola 10,000 kabla ya kugusa dhahabu au fedha. Mtu wa mshahara angezitoa wapi? Bunge lilipunguza dhamana hiyo mwaka 1794, na tarehe 31 Julai 1795 zikatoka nusu tai 744 za kwanza. Tai za dola 10 zilifuata Septemba mwaka huohuo, na robo tai mwaka 1796.

Mkono wa Robert Scot

Scot alizaliwa Scotland mwaka 1745, akajifunza kutengeneza saa na kuchonga nakshi, kisha akahamia Marekani. Cheo chake alikipata kwa msiba wa mwingine. Joseph Wright, aliyekuwa akichonga mihuri ya kiwanda, alikufa kwa homa ya manjano Septemba 1793, na Novemba Scot akateuliwa kuwa mchongaji mkuu kwa mshahara wa dola 1,200 kwa mwaka. Alikishika cheo hicho kwa miaka 30, hadi kifo chake mwaka 1823.

Ni vizuri tuelewe kazi yenyewe ilivyofanyika, maana hapo ndipo fani ilipo. Mchongaji alitengeneza sura ya Uhuru juu ya kipande cha chuma cha pua, ikiwa imeinuka. Kipande hicho kiligongwa ndani ya chuma kingine kilicholainishwa kwa moto, nacho kikawa muhuri. Kisha nyota, herufi na tarakimu ziligongwa moja moja, kwa nyundo na mkono. Muhuri ulichomwa na kuzamishwa ili ugumu, ukafungwa kwenye mashine ya parafujo iliyozungushwa kwa nguvu za watu. Mihuri mingi ilipasuka, na mpya haukufanana kabisa na uliotangulia: nyota imesogea, tarakimu imeinama, herufi imegusa nywele. Kwa hiyo hakuna sarafu moja ya 1795. Kuna matoleo kadhaa ya 1795, kama vile miswada ya utenzi ule ule iliyonakiliwa na mikono mbalimbali.

Hata tarehe haiaminiki. Kwa kuwa chuma kilikuwa ghali, muhuri uliendelea kutumika hadi ufe. Kuna nusu tai zenye mwaka 1795 ambazo wataalamu wanaamini zilipigwa chapa mnamo 1798. Anayehakiki kwa kutegemea tu mwaka ulioandikwa kwenye jalada ajihadhari.

Tuzitazame na nyota. Za mwanzo zilikuwa 15, kwa sababu majimbo yalikuwa 15. Tennessee ilipoingia mwaka 1796 zikawa 16. Ikaonekana kwamba mambo hayo hayatakuwa na mwisho, sarafu yenyewe ni ndogo, wakarudi kwenye 13, idadi ya majimbo ya awali. Na kingine cha kushangaza: sarafu hizi za Scot hazikuandikwa thamani. Hakuna "dola 5" popote. Dhahabu ilijitangaza kwa uzito wake, na mfanyabiashara alikuwa na mizani.

Lakini suala linalotuhusu zaidi sisi wahakiki ni la mishale. Tai wa kwanza wa Scot alikuwa mdogo, amesimama juu ya kuti akishika taji la majani mdomoni. Baadaye Scot akamchonga tai mwingine, mwenye ngao kifuani, kwa kufuata nembo ya taifa. Katika nembo, tai ameshika tawi la mzeituni kwa mguu wa kulia na mishale kwa wa kushoto: amani kwanza, vita baadaye. Katika sarafu za Scot mambo yamegeuka. Mishale iko kulia.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni ujumbe wa kivita, maana Marekani na Ufaransa zilipigana baharini kati ya 1798 na 1800. Tafsiri hiyo inavutia, lakini ina tatizo: tai huyo alikwisha kuonekana kwenye robo tai ya 1796, kabla ya mapigano hayo. Wengine wanasema ni kosa tu. Anayechonga muhuri huchonga kinyume, kulia kuwa kushoto, na mkono ukizoea kunakili huweza kupotoka. Mimi naelemea kwenye kosa, ila nasisitiza jambo moja. Iwe kosa au kusudi, miguu ile ya tai ndiyo mahali ambapo sheria ilinyamaza na mkono wa mtu ukazungumza. Sheria ilisema "tai". Haikusema mguu gani.

Uhuru wa nani?

Sasa turudi kwa yule mwanamke. Katika uhakiki wetu suala la usawiri wa mwanamke limekuwa na nguvu, na hapa lina mahali pake. Mwanamke amepewa nafasi ya juu kuliko rais, lakini kama alama tu. Philadelphia na New Jersey zinatazamana ng'ambo ya mto. Huko New Jersey wanawake wenye mali walikuwa na haki ya kupiga kura, wakaipoteza kwa sheria ya Novemba 1807. Mwaka huohuo kiwanda kilitoa nusu tai mpya yenye sura mpya, nzuri zaidi, ya mwanamke aitwaye Uhuru. Wanawake wa Marekani nzima walisubiri hadi 1920.

Kuna mfano mkali zaidi. Mei 1796 msichana mtumwa aitwaye Ona Judge alitoroka kutoka nyumba ya Rais Washington mjini Philadelphia, hatua chache kutoka kiwanda cha sarafu. Siku chache baadaye tangazo likatoka gazetini: atakayemrudisha, akikamatwa mjini, atapewa dola 10. Dola 10, ndugu msomaji, ni tai moja. Yaani zawadi ya kumrudisha mtu utumwani ingeweza kulipwa kwa sarafu moja ya dhahabu iliyoandikwa UHURU. Hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kuitunga kejeli ya namna hiyo. Tungemwambia amezidisha chumvi. Ona Judge hakurudishwa. Alifariki New Hampshire mwaka 1848, kisheria akiwa bado mtumwa.

Dhahabu nayo ina historia yake. Mwanzoni nyingi ilitoka nje, sarafu za Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiingereza zilizoletwa na wafanyabiashara ziyeyushwe. Kuanzia 1804 kiwanda kilianza kupokea na dhahabu ya North Carolina, kutoka shamba la John Reed, ambako mwaka 1803 bonge la pauni 28 lilipatikana. Aliyelipata alikuwa mtumwa. Kumbukumbu zimetuachia jina lake moja tu, Peter.

Hata kofia ya Uhuru ilileta maneno. Kofia laini ni alama ya kale ya Kirumi ya mtumwa aliyeachwa huru. Katikati ya miaka ya 1850, sanamu ya Uhuru ilipokuwa ikiandaliwa kwa ajili ya kuba la jengo la Bunge, Waziri wa Vita Jefferson Davis, mmiliki wa watumwa, aliipinga kofia hiyo kwa hoja kwamba Wamarekani walizaliwa huru, si watumwa walioachwa. Kofia ikaondolewa, ikawekwa helmeti. Davis, pamoja na ubaya wa msimamo wake, alikuwa msomaji makini: alijua kofia inasema nini.

John Reich: kutoka kwenye mkataba hadi kwenye muhuri

Tukifika hapa mtu anaweza kusema: basi, sarafu ni uongo wa tabaka tawala, na mchongaji ni kibaraka wake. Kesi imekwisha. Ni hitimisho tulilolizoea. Lakini hebu tumtazame aliyechonga sura mpya ya 1807.

John Reich alikuwa Mjerumani. Alifika Marekani mwaka 1800 kama mtumishi wa mkataba, yaani mtu aliyelipiwa nauli kwa kuuza miaka ya kazi yake. Hakuwa mtumwa, na tusichanganye: mkataba una mwisho, na mtoto wake harithi. Lakini hakuwa mtu huru pia. Ofisa mmoja wa kiwanda cha sarafu alimkomboa kwa kuununua mkataba wake. Kipaji kilionekana mapema. Medali ya Rais Thomas Jefferson ya 1801 ni kazi ya mikono yake. Hata hivyo ajira ya kudumu haikuja hadi Aprili 1807, pale mkurugenzi Robert Patterson alipomweleza Jefferson kwamba Scot amezeeka na kiwanda hakiwezi kumtegemea yeye peke yake. Reich akaajiriwa kuwa msaidizi, kwa dola 600 kwa mwaka. Nusu ya mshahara wa Scot.

Katika mwaka huo wa kwanza alibadilisha nusu tai, na mwaka 1808 robo tai, ambayo zilipigwa chapa 2,710 tu. Uhuru wa Scot ulitazama kulia. Wa Reich ukatazama kushoto, uso umejaa, nywele zinashuka chini ya kofia yenye utepe wa LIBERTY. Upande wa pili akaandika thamani, "5 D.", kwa mara ya kwanza. Na wale waliokuwa wakiisubiri miguu ya tai: Reich alirudisha tawi la mzeituni kulia na mishale kushoto. Alimsahihisha bosi wake, kimya kimya, kwa chuma.

Kuna uvumi wa watoza sarafu kwamba mwanamke huyo mnene eti alikuwa hawara wa mchongaji. Ushahidi hakuna. Huo ni uhakiki wa baraza za kahawa: tukishindwa kuisoma kazi, tunamtafutia msanii kashfa.

Mwaka 1813 Reich aliichora upya nusu tai, na sura hiyo iliendelea kwa marekebisho hadi 1834. Yeye mwenyewe hakuendelea. Aliacha kazi Machi 1817, baada ya miaka kumi kamili, mshahara ukiwa ni ule ule wa dola 600. Yule mzee aliyehofiwa kwamba hatadumu alibaki ofisini miaka mingine sita.

Alipoondoka, jina lake halikuwa popote kwenye kazi zake. Ndivyo ilivyodhaniwa kwa zaidi ya karne moja. Kisha, katika karne ya 20, watafiti wakagundua kitu kidogo. Katika sarafu nyingi za 1807 hadi 1817, za fedha na za dhahabu, nyota ya 13, ile ya mwisho upande wa kulia karibu na mwaka, ina pengo dogo kwenye ncha yake moja. Nyota nyingine ni nzima. Kabla ya Reich halipo, baada ya Reich halipo. Wataalamu wengi leo wanaamini kwamba hiyo ni sahihi yake.

Suala la jina

Pengo hilo lipate uzito wake, tulilinganishe na wengine. Mwaka 1787, kabla ya kiwanda cha taifa, sonara wa New York aitwaye Ephraim Brasher alitengeneza sarafu yake ya dhahabu, akaandika BRASHER chini ya mlima wenye jua linalochomoza, na juu ya tai akagonga herufi EB. Alikuwa mtu binafsi, mali yake, jina lake. Mwaka 1831 Mjerumani mwingine, Christopher Bechtler, alianza kupiga chapa dhahabu ya wachimbaji huko North Carolina. Sarafu zake hazina Uhuru wala tai. Zina jina lake, uzito na kiwango cha dhahabu, basi. Brasher ana jina na sanaa. Bechtler ana jina bila sanaa. Scot na Reich wana sanaa bila jina.

Dola ililegeza msimamo polepole. Mwaka 1836 Christian Gobrecht aliandika jina lake kwenye dola ya fedha aliyoichonga, akashutumiwa kwamba anajitukuza, ikabidi lihamishiwe mahali pasipoonekana sana. James Longacre aliweka herufi zake JBL kwenye shingo ya Uhuru katika sarafu ya dola 20 ya 1850, na mambo yakawa ya kawaida. Kutoka pengo la nyota hadi herufi tatu ni zaidi ya miaka 40.

Reich hakurithi chochote katika hayo. Mwaka 1834 sheria ilipunguza uzito wa dhahabu, nusu tai ikashuka kutoka gramu 8.75 hadi takriban 8.36. Sarafu za zamani zikawa na thamani kubwa kuliko zilivyoitwa, zikayeyushwa kwa wingi. William Kneass, aliyerithi cheo cha Scot, akatoa sura mpya ya Uhuru isiyo na kofia. Mpya? Aliitohoa kutoka senti ya shaba ya 1808, kazi ya Reich. Tungekuwa kwenye semina tungeiita mwingilianomatini. Reich angeiita jina jingine.

Na zile chache zilizonusurika kwenye tanuru zimekuwa utajiri. Nusu tai za mwaka 1822, zenye sura iliyotokana na ile ya 1813, zilitolewa 17,796; zinazojulikana leo ni tatu. Moja iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Kwa mshahara wake, Reich angetakiwa kufanya kazi miaka 14,000 ili aipate.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maudhui ya sarafu hizi yalitungwa na dola, na kwamba maudhui hayo yalikuwa na mgogoro mkubwa: Uhuru juu ya dhahabu, utumwa chini yake. Mhakiki anayeishia hapo hajakosea. Lakini amemhakiki Bunge, hajamhakiki msanii. Ili kumwona msanii inabidi kuingia kwenye mguu wa tai, kwenye tarakimu iliyoinama, kwenye ncha ya nyota.

Huko ndiko tunakomkuta mtu aliyewahi kuuza miaka yake, akalipwa nusu mshahara kwa kuchonga sura ya Uhuru, akaambiwa na mazingira ya kazi yake kwamba jina lake halihitajiki. Hakugoma, hakuandika waraka. Alitoboa nyota moja kati ya 13, mahali ambapo mkubwa wake hatatazama, akaendelea kufanya hivyo kwa miaka kumi.

Kwa hiyo swali ninaloliacha kwa wenzangu, na kwa walimu wetu pia, ni hili. Tunaposoma kazi zilizotungwa kwa amri, nyimbo za kuwasifu wakubwa, tenzi za kumpendeza mtawala, tamthilia za kampeni, tumezoea kuuliza: kazi hii inamtumikia nani? Swali hilo tuendelee kuliuliza. Ila tukishapata jibu tusifunge daftari. Tuzihesabu nyota moja moja, mpaka ya mwisho.